Saa ya Kazi ni Amana: Kusoma na Kupumzika Ndani ya Muda Uliolipiwa

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Isikizya, Uyui

 

Tunapozungumzia chumo la haramu, ndimi zetu hukimbilia riba, rushwa, wizi na kamari. Hayo ni mambo makubwa, na tunayajua. Lakini kuna mali nyingine ambayo watu huichukua bila kushtuka, kwa sababu haina rangi, haina uzito, wala haiachi alama kwenye kabati la mwenyewe. Mali hiyo ni muda. Mwenye kuchukua kilo moja ya sukari katika duka la tajiri wake huitwa mwizi mchana kweupe. Mwenye kuchukua saa nzima ya tajiri huyo huyo huitwa mjanja.

Katika miezi ya karibuni, maswali yanayoletwa mbele ya kamati yetu baada ya swala yameelekea sana upande huu. Kijana mmoja aliyeajiriwa ofisini anasoma shahada kwa njia ya masafa. Pasipokuwa na mteja hufungua vitabu vyake mezani, na sasa anauliza kama mshahara wake una doa. Mlinzi wa usiku anahifadhi Qur'an Tukufu kwenye lindo, naye anataka kujua kama thawabu ya hifdhi inaweza kuchanganyika na dhambi. Mama mmoja mwenye duka amelalamika kuwa binti aliyemwajiri husikiliza darsa kwenye simu huku wateja wakisubiri. Akimkanya, hujibiwa kwamba mtu hazuiwi kutafuta elimu ya dini.

Ndugu wasomaji, wote watatu ni watu wema. Hakuna aliyekuja kuuliza hukumu ya kucheza karata kazini. Ugumu wa suala hili umo humo: linahusu jambo jema linalofanywa ndani ya muda wa mtu mwingine. Elimu ni faradhi, na amana ni faradhi. Je, faradhi mbili zikikutana kwenye saa moja, tufanye nini?

Tumeuza nini?

Kabla ya kujibu, ni lazima tujue tulichokiuza tulipokubali kuajiriwa. Wanazuoni wetu wa fiqhi wameigawa ajira ya mtu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ajiri maalumu, yaani mtu aliyeuza muda wake kwa mwajiri mmoja: karani, muuguzi, mlinzi, mfanyakazi wa dukani. Huyu anastahiki ujira kwa kujitoa katika muda waliokubaliana, hata kama siku hiyo kazi ni chache. Fungu la pili ni ajiri wa wote, yaani aliyeuza kazi yenyewe: fundi cherehani, fundi seremala, mjenzi aliyepatana bei ya nyumba nzima. Huyu anastahiki ujira kwa kukamilisha kazi. Akilala mchana na kushona usiku, hiyo ni juu yake, maadamu nguo itatoka siku ya ahadi.

Sisi watu wa Unyanyembe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani babu zetu waliziishi aina hizi mbili katika njia ya misafara. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji kupitia Tabora ilibebwa mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walipatana ujira wa safari nzima, na ujira huo ulihesabiwa kwa vitambaa. Waungwana wa pwani waliochukuliwa Unguja, hasa katika misafara ya Wazungu, walizoea kulipwa kwa mwezi. Wa kwanza aliuza kufika kwa mzigo. Wa pili aliuza miezi yake. Mnyamwezi aliweza hata kubeba vitu vyake vidogo vya biashara na kuviuza njiani, na hilo lilijulikana. Lakini mzigo wa mwenye msafara ulipaswa kufika. Hata neno posho, ambalo leo watumishi wanalitaja kila wanapotumwa safari, lilikuwa likitajwa kila siku katika misafara ile, likiwa na maana ya chakula cha njiani ambacho mwenye msafara alipaswa kumpa mpagazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, zama za upagazi zikaanza kuzama. Lakini swali la wapagazi limebaki vile vile: umeuza mzigo au umeuza siku?

Kwa hiyo, ndugu yetu anayeuliza kama inajuzu kusoma kazini, ajiulize kwanza yeye ni ajiri wa aina gani. Fundi aliyepatana bei ya kazi na asome anavyotaka, mradi asivunje ahadi. Mwenye kulipwa kwa mwezi, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, saa zile si zake tena. Ameziuza, na bei yake huipokea mwisho wa mwezi. Qur'an Tukufu, katika mwanzo wa Suratul Maida, inawaamrisha walioamini kutimiza mapatano yao. Na Suratul Mutaffifin inawaonya wale ambao wanapopokea kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wanapowapimia watu hupunja. Wafasiri wametaja mizani ya sokoni, lakini maonyo hayo hayakomei hapo. Mtumishi anayedai mshahara wote bila kukatwa hata shilingi, huku akitoa sehemu tu ya saa zake, naye ana mizani mbili.

Adhuhuri yetu moja

Hapa wengine huingiwa na hofu iliyopita kiasi: je, hata kuswali ni kuchukua muda wa mwajiri? La. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, wameeleza kuwa nyakati za swala za faradhi, pamoja na twahara na sunna zinazofuatana nazo, zimetolewa katika muda wa ajira tangu asili, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Mwajiri anapomwajiri Mwislamu, ameajiri mtu mwenye swala.

Lakini tuwe wakweli katika hesabu. Saa za kazi za Serikali ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Hapa kwetu Tabora, kwa kuwa tuko magharibi zaidi kuliko Dar es Salaam, Adhuhuri huingia baina ya saa 6:30 na saa 7 na dakika chache, kulingana na majira ya mwaka. Alasiri huingia baada ya saa 9:30. Maana yake ni kwamba ndani ya siku nzima ya mtumishi wa umma hapa Isikizya inaingia swala moja tu ya faradhi. Twahara, faradhi na sunna zake hazizidi nusu saa kwa mtu anayeswali kwa utulivu, na msikiti hauko mbali. Vipi basi tutaeleza habari ya mtu anayeaga saa 6 kwenda kuswali na kurudi saa 8?

Na Ijumaa ndiyo mtihani mkubwa. Katika Suratul Jumua, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuache biashara tunaposikia mwito. Na katika aya inayofuata ametueleza kuwa swala ikiisha tutawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila Zake. Amri ya kwanza wengi wetu tunaijua kwa moyo. Ya pili tunaifasiri kuwa ni ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwananchi aliyetoka Goweko au Loya kwa nauli ya kukopa, akafika ofisini saa 8 mchana siku ya Ijumaa na kukuta kiti kitupu, ataambiwa kuwa mhusika ameenda kuswali. Huyo mwananchi, hasa akiwa si Mwislamu, ataondoka na picha gani ya swala yetu? Tunamfanya aione ibada kuwa ni jina jingine la utoro. Hilo ni deni zaidi ya deni la muda.

Mapumziko ni haki

Tukishasema hayo, tusiingie katika kosa la upande wa pili, la kumfanya mfanyakazi kuwa mashine. Imepokewa na Bukhari kisa cha Salman Al-Farisi (r.a.) alipomtembelea ndugu yake Abu Dardai (r.a.), akamkuta amejinyima chakula na usingizi kwa ajili ya ibada. Salman alimzuia, akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki. Kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka ili mwili upumzike, kazi ya mtu inastahiki mpaka zaidi.

Sheria ya nchi nayo imeuweka mpaka huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, imeweka kikomo cha saa za kawaida za kazi kuwa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahiki mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine panatakiwa mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Sheria hiyo inaeleza pia kuwa mwajiri halazimiki kulipia muda wa mapumziko, isipokuwa kama amemtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo.

Katika kifungu hicho kuna elimu kubwa. Dakika 60 za mapumziko ni zako. Ukizitumia kula, kulala, kusoma shahada au kuhifadhi juzuu, hakuna wa kukuuliza. Lakini ukitakiwa kuwa tayari, basi kuwa tayari kwenyewe ni kazi, na unalipwa kwa kuwa tayari. Hili ndilo jibu la mlinzi wetu wa usiku. Yeye hakuajiriwa kubeba kitu wala kushona kitu. Ameajiriwa awe macho. Macho yake na masikio yake ndiyo bidhaa aliyoiuza. Akirudia kwa ulimi sura alizokwisha kuzihifadhi huku akizunguka lindo lake, hakupunguza kitu, na huenda dhikri hiyo ikamwondolea usingizi. Lakini akiinamia msahafu chini ya taa, akizama katika aya mpya hata asisikie ua ukirukwa, amechukua alichokiuza. Ahifadhi mchana, usiku adurusu. Na amweleze mwajiri wake ili moyo utulie.

Wala hatuzungumzii mambo madogo ya ada. Kikombe cha chai ya saa 4, kuamkiana, kumjulia hali mwenzako aliyefiwa, kupokea simu ya mtoto mgonjwa: haya ni katika mambo ambayo desturi imeyaruhusu, na kanuni ya fiqhi ni kwamba lililozoeleka baina ya watu huhesabiwa kama lililoshurutishwa. Dini yetu haikuja kuwatia watu wasiwasi.

Elimu ya nani?

Sasa tumrudie kijana wa ofisini. Tumeona ni vema kuigawa elimu inayosomwa kazini katika mafungu matatu.

La kwanza ni elimu ya kazi yenyewe. Muuguzi anayesoma mwongozo wa tiba, karani anayejifunza mfumo mpya wa malipo, mwalimu anayepitia somo la kesho: hawa wako kazini. Katika Suratul Qasas, binti yule wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Katika ofisi za leo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni ujuzi. Anayeongeza ujuzi wa kazi yake anaitimiza sifa ya kwanza. Mwajiri anayemkemea kwa hilo anajidhulumu mwenyewe.

La pili ni elimu yenye manufaa ya pande mbili, kama mhasibu anayesomea mitihani ya juu ya uhasibu, au mtumishi anayejiendeleza katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 ili kuwafikia watu wasioweza kuacha kazi na kwenda kukaa darasani. Hapa hukumu inategemea idhini. Kuna ruhusa za masomo, kuna barua za maombi, kuna mkuu wa idara wa kuzungumza naye. Kilichoombwa kikatolewa ni halali. Kilichochukuliwa kimya kimya ni cha mwenyewe.

La tatu ni elimu ya mtu binafsi: lugha anayoipenda, biashara anayotaka kuifungua, darsa ya tafsiri au ya sira. Hii ni njema, na nyingine ni bora kuliko kazi yenyewe. Lakini mahali pake ni katika muda wa mtu mwenyewe. Hapa ndipo tunapomwambia binti wa dukani, kwa upole: binti yetu, darsa unayoisikiliza, ikiwa ni ya kweli, itafika mahali itakapokufundisha amana. Ikifika hapo, zima simu, umhudumie mteja.

Historia ya nchi yetu yenyewe inatuonyesha kuwa elimu na kazi zinaweza kukaa pamoja pakiwa na mapatano. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 Ofisi ya Waziri Mkuu ikaelekeza kuwa elimu ya wafanyakazi itolewe mahali pa kazi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa takriban watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1975 waliosalia hivyo walikadiriwa kuwa asilimia 39. Wengi wa baba na mama zetu walijua kuandika majina yao kwa sababu hiyo. Hawakuiba muda: mwenye muda aliutoa, akaupangia saa na mwalimu.

Pamoja na muda kuna vifaa. Inasimuliwa kuhusu Khalifa Umar bin Abdulaziz (r.a.) kwamba aliizima taa iliyowashwa kwa mafuta ya hazina ya Waislamu mazungumzo yalipogeuka kuwa ya mambo yake binafsi, akawasha taa yake. Leo taa ile ni intaneti ya ofisi, ni mashine ya kuchapa, ni karatasi ambazo kijana anatolea nakala za notisi zake. Mchovya asali hachovyi mara moja. Sisi watu wa mizinga tunalijua hilo kuliko wengine. Anayeanza na karatasi kumi za notisi atafika kwenye kurasa mia mbili za tasnifu.

Hesabu ya nusu saa

Huenda mtu akasema kuwa nusu saa si kitu. Tufanye hesabu. Nusu saa kwa siku, kwa siku 5 za wiki, ni saa mbili na nusu. Tukiondoa likizo ya mwaka ya siku 28, zinabaki wiki 48. Saa mbili na nusu mara 48 ni saa 120. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 15, yaani wiki tatu kamili za kazi. Mtu huyo amejipa likizo ya pili inayokaribia ya kwanza, na akalipwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kitapimwa siku ambayo hakuna kupunja.

Zamu

Je, mfanyakazi basi asiwe na njia ya kusoma? Hapana. Katika Sahihi Bukhari, kwenye Kitabu cha Elimu, kuna mlango mahsusi wa kupeana zamu katika kutafuta elimu. Humo Umar bin Khattab (r.a.) anaeleza kuwa yeye na jirani yake wa Kiansari, waliokuwa wakikaa pembezoni mwa Madina, walishuka kwa zamu kwenda kwa Mtume (s.a.w.): siku moja huyu, siku nyingine yule, na aliyekwenda alimletea mwenzake habari na mafunzo ya siku hiyo. Watu wale walikuwa na mashughuli yao ya kujitafutia riziki. Hawakuacha kazi, hawakuacha elimu, na hawakumdhulumu mtu. Walipanga.

Kamati yetu ilijaribu kuufuata mlango huo. Mwalimu wa madrasa yetu aliomba aruhusiwe kusoma stashahada mjini Tabora, jambo ambalo lingemtoa darasani alasiri mbili kwa wiki. Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja alisema, "Wanangu, tunamlipa mwalimu afundishe watoto wetu. Tumlipe tena ajifundishe mwenyewe?" Mzee mwenzake akamjibu, "Kaka, mwalimu asiyesoma ni kisima kisichoingiza maji. Leo tutachota, kesho tutachota tope." Wote wawili walisema kweli. Uamuzi ukawa hivi: alasiri mbili atakwenda kusoma, ustadhi kijana, aliyemaliza madrasa hiyo hiyo, atashika darasa na kupewa sehemu ya posho, naye mwalimu atarudisha muda huo kwa kuwafundisha watu wazima baada ya Isha siku mbili za wiki. Tuliyaandika mapatano katika daftari la msikiti, yakatiwa saini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda ni mali.

Hatusemi kuwa mambo yamekwenda bila mikwaruzo. Wapo wazazi wanaonung'unika kuwa ustadhi kijana hana ukali wa mwalimu. Lakini hakuna anayeweza kusema kuwa mwalimu ametoroka.

Swali ambalo halikuletwa

Katika maswali yote tuliyopokea, kuna moja ambalo halikuletwa na mtu, na ndilo linalotusumbua zaidi. Hakuna aliyekuja kuuliza habari ya binti wa kazi za ndani.

Binti huyu amekuja kutoka kijijini. Huamka kabla ya Alfajiri kuwasha jiko, na huwa wa mwisho kulala. Watoto wa nyumba wakienda madrasa, yeye ndiye anayewavisha kanzu na hijabu, huwafikisha hadi mlangoni, kisha hurudi kufua. Juzuu Amma anaisikia kupitia dirishani. Sisi ambao tunauliza kama dakika 30 za kusoma kazini ni halali, tunaye mtu nyumbani ambaye hana dakika za kuuliza.

Sheria ya kazi haikumsahau. Naye anastahiki mapumziko ya kila siku na siku ya mapumziko ya wiki. Kwa mfanyakazi anayeishi mahali pa kazi, mapumziko ya kila siku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, lakini kwa mapatano ya maandishi. Ni nyumba ngapi katika nyumba zetu zenye maandishi hayo?

Na dini ilitangulia sheria. Mtume (s.a.w.) amewaita walio chini ya mikono yetu kuwa ni ndugu zetu, akaamuru walishwe katika tunachokula, wavishwe katika tunachovaa, wala wasibebeshwe wasichokiweza, wakibebeshwa, wasaidiwe. Bukhari, katika kile kile Kitabu cha Elimu, ameweka mlango wa mtu kumfundisha mjakazi wake na watu wa nyumbani kwake, akataja humo hadithi ya malipo maradufu kwa aliyemfundisha vizuri na kumlea vizuri mtu aliye chini yake. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anajitangaza kuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Basi kabla hatujamkagua mtumishi wa ofisi, tukague jiko letu.

Kwa hiyo kamati inazisihi familia za msikiti wetu: mpeni binti wa kazi alasiri mbili za madrasa kwa wiki, na siku moja ya kupumzika. Darasa la akina dada lipo, na nafasi zipo. Mama wa nyumba anayeona vigumu akae na jirani yake wapeane zamu, kama alivyofanya Umar (r.a.) na jirani yake: leo binti wa nyumba hii anakwenda, huyu anaangalia watoto wa nyumba zote mbili, kesho ni kinyume chake.

Kurejesha

Linabaki swali la wale ambao wamekwisha kuchukua. Toba ya haki ya mja haikamiliki kwa istighfari peke yake. Haki hurudishwa au mwenyewe huombwa msamaha. Aliyeajiriwa na mtu binafsi, na aende kwa mwajiri wake, amweleze, arudishe saa kwa kazi au aombe aachiliwe. Wengi watasamehe, na mazungumzo hayo yatafungua mlango wa mapatano ya halali. Mtumishi wa umma, ambaye mwajiri wake ni wananchi wote, hawezi kumwomba kila mmoja msamaha. Lakini anaweza kubaki mezani baada ya saa 9:30 kumaliza majalada yaliyolala, na kumhudumia yule wa mwisho kwenye foleni badala ya kumwambia arudi kesho. Kwa mtu aliyetoka Loya, hiyo kesho ni nauli nyingine na siku nyingine ya shamba.

Kwa kijana wetu wa shahada, jawabu la kamati lilikuwa fupi. Tulimwambia: mwanetu, mshahara wako asili yake ni halali, na elimu yako ni njema. Andika barua, omba ruhusa, taja saa unazozihitaji na namna utakavyozifidia. Ukipewa, soma ukiwa umetulia. Ukinyimwa, una mapumziko yako ya mchana, una usiku, una Jumamosi na Jumapili. Shahada itachelewa mwaka mmoja, na kuchelewa si aibu. Barua hiyo ameiandika, na bado anasubiri majibu. Tunamwomba mkuu wake, yeyote awaye, asiiweke chini ya majalada.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza mapatano yetu, atubarikie katika riziki zetu chache zilizo safi, na atupe elimu yenye manufaa kwa njia anayoiridhia. Wabillahi tawfiq.